Penseli, Utepe na Prosesa ya Mtumba

Mezani kwangu hapa Gisenyi ipo prosesa ya upana wa kiganja cha mtoto mchanga. Ukiipindua, tumboni ina vituo 775 vilivyopakwa dhahabu, vya kupitishia umeme na habari kati yake na ubao mama. Viwili kati ya hivyo nimeviunganisha kwa kipande cha utepe unaopitisha umeme, kidogo kuliko punje ya ulezi. Ilinichukua jioni mbili kukikalisha mahali pake, kwa kibano cha nyusi na miwani ya kuazima. Jioni ya kwanza utepe uliteleza ukagusa kituo kisichohusika, na mashine ikakaa kimya kabisa nilipoiwasha. Prosesa yenyewe ni Pentium E2160, iliyotoka kiwandani 2007 ikiwa imeandikwa mgongoni gigahezi 1.8. Tangu utepe ukae sawasawa, inakwenda 2.4. Mwendo umeongezeka kwa theluthi nzima, nami sikutoa hata faranga moja.

Watu wa kompyuta huiita kazi hii ovakiloki. Mimi napenda kusema kupandisha mapigo. Historia yake ina zaidi ya miaka arobaini, na sehemu kubwa yake imefanywa na watu ambao mfuko wao haukutosha kununua mashine waliyoihitaji.

Kila prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Wavuvi wa sambaza hapa ziwani Kivu huimba wakipiga makasia, na makasia yote hufuata wimbo. Wimbo ukiharakishwa, mtumbwi huharakisha, mpaka ufike mwendo ambao mkono wa mmoja wao hauwezi tena kuufuata. Hapo ndipo chombo huenda mrama, ingawa wengine wote bado wana nguvu. Ndani ya prosesa mwimbaji ni kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara mamilioni kwa sekunde, na makasia ni transista. Pigo likija kabla transista ya mwisho haijamaliza kazi yake, hesabu inatoka na kosa, na mashine inaganda. Fundi wa kupandisha mapigo anautafuta mwendo ule wa mwisho ambao mkono dhaifu kuliko yote bado unaufuata.

IBM ilipoleta kompyuta yake ya mezani Agosti 1981, prosesa yake ya Intel 8088 ilikwenda megahezi 4.77. Namba hiyo ya ajabu haikutoka kwenye uwezo wa prosesa. Ilitoka kwenye kipande cha kwatzi cha megahezi 14.318, kilichochaguliwa kwa sababu kililingana na mawimbi ya rangi ya televisheni za Marekani. Mapigo yake yaligawanywa kwa tatu ili kuilisha prosesa. Kwa hiyo tangu mwanzo namba iliyoandikwa na namba inayowezekana zilikuwa vitu viwili mbalimbali.

Agosti 1984 ikaja IBM PC AT, yenye prosesa ya 80286 na mwendo wa megahezi 6. Safari hii kwatzi ilikuwa ya megahezi 12, imechomekwa kwenye soketi. Wenye AT waligundua kwamba ukiichomoa na kuweka ya 16, ambayo duka la vipuri vya redio liliiuza kwa dola chache, mashine inakwenda 8 bila kulalamika. Baadhi walifika 9. Toleo la Novemba 1985 la BIOS, ile programu inayoiamsha mashine, lilijibu kwa kuanza kupima mwendo kila mashine inapowashwa. Lilipokuta kwatzi imebadilishwa, lilikataa kuendelea. Kisha Aprili 1986 IBM yenyewe ikatoa AT ya megahezi 8. Nikiisoma habari hii hadi leo inanikera. Mtu amenunua mashine kwa maelfu ya dola, akaongeza kwa mkono wake kile ambacho kampuni ilikuwa bado haijataka kumuuzia, naye akafungiwa mlango.

Inafaa kueleza namba zile mgongoni mwa prosesa zinatoka wapi, maana ufundi wote umejengwa juu ya jambo hilo. Prosesa hazizaliwi na mwendo. Mamia yake huchongwa pamoja juu ya sahani moja ya silikoni, kisha kila moja hupimwa. Zinazofaulu mwendo mkubwa huandikwa namba kubwa na kuuzwa ghali, na zilizobaki huandikwa namba ndogo. Lakini kiwanda kikishauzoea mchongo wake, karibu zote hufaulu mwendo mkubwa, ilhali sokoni wanunuzi wengi bado wanataka za bei ya chini. Basi prosesa nzima, yenye nguvu kamili, huandikwa namba ndogo ili itoshe kwenye fungu la rahisi. Mwenye mfuko mwembamba anayeinunua amenunua mashine ghali bila kuambiwa.

Matapeli nao walilijua hilo. Katika miaka ya 1990 walifuta namba za Pentium na kuandika kubwa zaidi, wakaziuza kwa bei ya namba mpya. Hiyo ikawa sababu mojawapo ya Intel kufunga kizidishi, yaani ile namba ya ndani inayozidisha mapigo ya ubao mama na kuyafanya mapigo ya prosesa. Kufikia 1998 Pentium II zilizotoka viwandani zilikuwa zimefungwa. Ukabaki mlango mmoja: mapigo ya ubao wenyewe.

Mlango huo ulifunguka wazi tarehe 24 Agosti 1998. Siku hiyo Intel ilitoa prosesa mpya, na mbili kati yake ndizo tunazozihitaji hapa. Moja ilikuwa Pentium II ya megahezi 450, kwa dola 669. Nyingine ilikuwa Celeron 300A ya megahezi 300, kwa dola 149. Kizidishi cha Celeron kilifungwa kwenye 4.5, na ubao uliilisha megahezi 66. Ukiupandisha ubao hadi 100, kiwango ambacho Pentium II ghali ilikuwa tayari inakitumia, 4.5 mara 100 ni 450. Celeron nyingi zilikwenda mwendo huo bila shida. Zilikuwa na kumbukumbu ya kati ndogo, kilobaiti 128 tu, lakini ilikaa ndani ya silikoni yenyewe na kwenda kwa mwendo kamili, ilhali ile ya Pentium II ilikaa nje na kwenda nusu mwendo. Katika kazi nyingi za kila siku prosesa ya dola 149 ilienda bega kwa bega na ya dola 669. Kwa ubao uliokataa kupanda, watu waliziba kituo B21 cha prosesa kwa utepe au kwa rangi ya kucha, na ubao ukadhani umepewa prosesa ya 100. Utepe wangu ni mjukuu wa utepe ule.

Wakati huo hapa Gisenyi hapakuwa na nafasi ya kuwaza megahezi. Mwaka 1998 kaskazini-magharibi mwa Rwanda kulikuwa na vita vya waasi waliopenya kutoka Kongo, na watu walikuwa wakihesabu nani amerudi nyumbani na nani hakurudi.

Miaka miwili baadaye chombo cha fundi kilikuwa penseli. Juni 2000 AMD, mshindani wa Intel, ilitoa prosesa ya Duron na toleo jipya la Athlon. Juu ya migongo yake, peupe kabisa, kulikuwa na madaraja madogo yaliyoandikwa L1. Kiwanda kiliyakata kwa mionzi ili kufunga kizidishi. Lakini risasi ya penseli si risasi, ni grafiti, na grafiti hupitisha umeme. Mtu aliichonga penseli ya shule, akachora mistari midogo juu ya madaraja yaliyokatwa, na kizidishi kikafunguka. Duron ya megahezi 600 ilifika 900 kwa watu wengi. Mwaka uliofuata AMD ilichimba mashimo mahali pa mkato, na mafundi wakajifunza kuyajaza gundi kwanza, kisha kupaka wino wa fedha juu yake. Katika historia yote hii hakuna kinachonigusa kama penseli ile. Mtoto yeyote wa shule ya msingi hapa wilayani Rubavu anayo moja mfukoni.

Mwaka huohuo 2000 jambo jingine lilitokea upande wa pili wa mpaka wetu. Bei ya tantali duniani iliruka mara kadhaa ndani ya miezi michache, kisha ikaanguka 2001. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani huchimbwa katika vilima vya Masisi, mwendo mfupi magharibi mwa Goma, na katika vilima vya Rwanda pia. Watu waliacha mashamba na kushika sururu. Magunia yalifika Goma, mengi yakaendelea mashariki, na vikosi vilivyopigana Kongo vikapata fedha humo, kama ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilivyoeleza kuanzia 2001. Duniani ilisemwa kwamba koltani ni madini ya simu na ya michezo ya televisheni. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya tantali huenda kwenye kapasita. Lakini ipo pia ndani ya prosesa.

Septemba 1997 IBM ilitangaza kwamba itaacha nyaya za alumini ndani ya silikoni na kuweka za shaba, na wengine wakafuata. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, ila ina tabia mbaya: chembe zake hupenya ndani ya silikoni na kuiharibu. Dawa iliyopatikana ni kuuvika kila waya ganda la tantali lenye unene wa nanomita chache. Ganda hilo ndilo linaloizuia shaba isitoke njiani mwake. Yaani kwenye kila prosesa ya shaba kuna kuta za tantali, na vishikizo vya chini vya wolframu, na matone ya bati ya kuiunganisha na kibao chake. Bati hapa tunaichimba kama gasegereti. Wolframu huchimbwa Nyakabingo, wilaya ya Rulindo. Sisemi kwamba tantali iliyomo katika prosesa yangu ilitoka Masisi, hakuna awezaye kuipima hivyo. Nasema kwamba madini ya vilima hivi ni sehemu ya kile tunachokipandisha mapigo, nasi huambiwa teknolojia ni kitu kinachotufikia kutoka mbali.

Tarehe 7 Januari 2002 Intel ilitoa Pentium 4 ya kizazi kilichoitwa Northwood, yenye nyaya za shaba. Siku kumi baadaye volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka usiku na mchana kuja kwetu, na magodoro kichwani. Watu wa umri wangu wanaukumbuka mwaka huo kwa moshi na kwa wageni waliolala barazani.

Kwa mafundi wa mbali ulikuwa mwaka wa sherehe. Northwood ya gigahezi 1.6 ilikuwa rahisi, na ubao ukipandishwa kutoka megahezi 100 hadi 133, ilikwenda zaidi ya 2.1. Wengine waliona 2.1 haitoshi. Wakaongeza volti, kutoka 1.5 ya kiwandani hadi 1.7 na kupita, kwa sababu volti kubwa huzifanya transista zigeuke haraka zaidi. Kwa wiki kadhaa, pengine miezi, mashine zilipaa. Kisha zikaanza kufa moja baada ya nyingine, zikiwa baridi kabisa, bila moshi wala harufu. Mafundi walikipa kifo hicho jina: kifo cha ghafla cha Northwood. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba umeme ukipita kwa nguvu katika waya mwembamba mno, husukuma chembe za waya wenyewe kama mto unavyosukuma mchanga, hadi waya unakatika. Tangu hapo kila mwenye busara katika kazi hii alijua kwamba joto si adui wa pekee.

Hesabu yenyewe haifichiki. Umeme unaoliwa hupanda sambamba na mapigo, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Tuseme prosesa kama yangu inakula wati 45 ikifanya kazi kamili kwa 1.8. Nikiipeleka 2.4 kwa volti ileile, itakula 60. Nikiitaka 3.0, ambayo prosesa hizi nyingi ziliifikia, na volti ikapanda kutoka 1.20 hadi 1.35, itakula karibu 95. Ukiitumia saa sita kwa siku, nyongeza ya wati 15 ni chini ya uniti tatu kwa mwezi, na nyongeza ya wati 50 ni uniti tisa. Kwa bei ya 2020, ambapo nyumba ya matumizi ya kati ililipa faranga 212 kwa uniti kabla ya kodi, ya kwanza ni faranga 572 na ya pili ni 1,908 kila mwezi. Anayeongeza umeme wa Cash Power kwa mia tano mia tano anaijua tofauti hiyo bila kalamu.

Prosesa ya E2160 ilipouzwa 2007, ilikuwa ndugu mdogo wa Core 2 Duo, na ilinunuliwa mpya kwa chini ya dola 100. Hapa hatukuziona mpya. Zilikuja miaka baadaye ndani ya kompyuta za ofisi zilizotupwa Ulaya na Ghuba, zikapitia Dubai na Mombasa au Dar es Salaam, hadi Kigali na hadi kwenye maduka yetu ya karibu na mpaka. Mashine za ofisi hazina ukurasa wa kupandisha mapigo katika BIOS yake. Ndiyo sababu ya utepe: vituo fulani vya prosesa huuambia ubao mapigo ya kutoa, na ukikiunganisha kimoja na kituo cha ardhi, ubao unasoma 266 badala ya 200. Tisa mara 266 ni 2.4. Ubao hauguswi, na volti inabaki palepale.

Mafundi wa mtumba waliendelea kupata njia. Kuanzia mwaka 2013 hivi ilienea habari kwamba Xeon za zamani zilizong'olewa kwenye seva, zenye viini vinne, zinaweza kukaa kwenye ubao wa kawaida wa vituo 775, mradi ubandike stika ndogo inayobadilishana vituo viwili na kuchonga kingo za prosesa kwa wembe. Kwenye prosesa mpya mambo yalikuwa yamebanwa tayari. Januari 2011 Intel iliyafunga mapigo ya ubao, na mwenye kutaka uhuru akatakiwa kuununua kwa herufi K. Ilitoa msamaha mmoja 2014, Pentium G3258 ya dola 72. AMD ilifungua karibu Ryzen zote za mezani kuanzia 2017.

Siku hizi viwanda vyenyewe hupandisha mapigo. Prosesa mpya hujisukuma zenyewe hadi ukingoni kila zinapopata ubaridi na umeme, na hakuna nafasi kubwa iliyobaki kwa mnunuzi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za vizazi vya 13 na 14 ziliharibika kwa kupewa volti kubwa kupita kiasi, ikarekebisha programu yake ya ndani na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Kilichoziua Northwood mikononi mwa wapenzi wachache kilikuwa sasa kimezifikia mashine za watu ambao hawakugusa chochote. Wajuzi wa leo wenye mashine mpya hufanya kinyume: hushusha volti kidogo kidogo, wakitafuta mahali ambapo mwendo unabaki na joto linashuka.

Gisenyi ina mambo yake ya kuzingatia. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja kati ya saba. Feni ikizunguka sawasawa na ya Mombasa, joto inalobeba hupungua kwa karibu kiasi hicho. Lakini Mombasa mchana ni nyuzi 30 na zaidi, na hapa wastani ni 20 hivi. Nimeona ubaridi unashinda wepesi wa hewa. Kuhusu umeme, mji huu una sifa isiyo ya kawaida. Mto Sebeya uliendesha mitambo midogo ya Gisenyi na Gihira miongo mingi iliyopita, na gesi ya ziwa ilianza kuchotwa Rubona mwaka 1963, kwa ajili ya matanuri ya kiwanda cha bia. Nchi nzima ilipokuwa gizani kwa zamu mwaka 2004, maji ya mtambo wa umeme wa Ntaruka yalipopungua, watu walizungumza juu ya gesi hiyo kama deni. Leo mtambo wa Shema Power umesimama hapahapa wilayani Rubavu, uliojengwa kwa wati milioni 56 za gesi ya ziwa. Siku za nyuma kila kompyuta ya mezani ilikaa na stabilaiza pembeni. Yangu bado inayo.

Kupandisha mapigo bila kupima ni kujidanganya, kwa hiyo niliiwekea mashine programu ya kutafuta namba tasa, ileile ambayo mafundi wameitumia tangu miaka ya 1990 kuzitesa prosesa zao. Inajua jibu la kila hesabu inayoiuliza, na jibu likitoka na kosa hata dogo, inasimama na kusema. Usiku wa kwanza kuranti ilipepesa saa nane nikaanza upya. Usiku wa pili kiini kimoja kilikosea baada ya saa tano, kwenye nyuzi 74. Nikafungua kisanduku, nikafuta pasta ya zamani iliyokauka kama udongo, nikapaka mpya, nikaisafisha feni kwa brashi ya rangi hadi vumbi la lava likaisha katika mabawa yake. Usiku wa tatu sikulala sana. Saa kumi na moja alfajiri wavuvi walikuwa wanarudi, wimbo wao unasikika toka ziwani, na kwenye kioo ilisomeka nyuzi 61, saa tisa na dakika arobaini, makosa sifuri.